Kamera Inayoona Mistari Iliyosimama

Nikon F4, kamera ya filamu, ina sehemu moja tu ya kufokasi, yaani kuipa picha ukali, katikati kabisa ya picha, na sehemu hiyo inaona mistari iliyosimama. Ielekeze kwenye fremu ya mlango, kwenye pindo la koti, kwenye mpaka wa shavu na ukuta, inashika papo hapo. Ielekeze Ziwa Kivu saa kumi na moja jioni, maji chini, vilima juu, na katikati mstari mmoja ulionyooka: lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, kisha inasimama bila kushika kitu. Dawa yake ni kuigeuza kamera wima. Mstari uliokuwa umelala sasa umesimama, kamera inaushika, unabaki umebonyeza kitufe nusu ili fokasi isiondoke, unairudisha kamera ilivyokuwa, unapiga.

Mambo haya niliyajifunza Goma, mashariki mwa Kongo, katika studio ya mbao mtaa wa Birere, miaka michache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Januari 2002. Studio yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya lava. Hatukuchimba msingi, maana ungechimba wapi? Mbao zilisimamishwa juu ya jiwe jeusi lililoganda, na mvua ikinyesha maji yalipotelea kwenye nyufa chini ya miguu yetu. Mwenye studio tulimwita Papa, kama mtaa wote ulivyomwita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika kazi hakuwa na mchezo.

Papa hakunipa filamu mwanzoni. Alinipa F4 tupu, akanisimamisha mlangoni, akaniambia nitazame watu wanaopita barabarani na niseme kwa sauti kamera itashika wapi na itashindwa wapi, kabla sijagusa kitufe.

"Yule mwanafunzi, itamshika?"

"Itamshika, Papa."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa lazima liwe na sababu. Wanafunzi wetu huvaa shati jeupe na sketi au suruali ya buluu. Shati jeupe lililopigwa pasi vizuri ni kama ukuta uliopakwa chokaa, kamera haioni pa kushika. Ila ule mshono wa mbele wenye vifungo umesimama kutoka shingoni hadi kiunoni, na mkanda wa begi unakata bega. Hapo ndipo pa kulenga. Mama aliyebeba makaa mgongoni ana kitenge chenye maua makubwa, kitenge kinashika popote. Kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lenga kwenye nguzo ya usukani. Mzee mwenye koti jeusi la sufu lisilo na mkunjo, achana na koti, tafuta pembe ya jicho, au pale sikio linapokutana na anga. Nikisema "itashika" bila sababu, Papa alinyamaza tu mpaka nitafute.

Ilichukua muda mrefu kabla hajaniruhusu kuweka filamu, na siku aliponiruhusu nilikuwa tayari nimezoea kumtazama mtu na kuona mistari yake. Mpaka leo natazama hivyo. Kamera ninazofanyia kazi sasa ni za dijitali na zinatafuta jicho la mtu zenyewe, lakini bado najua kabla yazo mahali zitakaposhika na mahali zitakapoteleza. Vijana ninaowafundisha nao wanapitia mlangoni kwanza.

Kwa nini kamera ya kazi nzito, ya bei kubwa, ilikuwa na jicho dogo hivyo? Ni kwa sababu wote walikuwa wanaanza. Mwaka 1983 Nikon walitoa F3AF, jaribio lenye lenzi mbili maalumu, kila moja na mota yake ndani. Mwaka 1985 Minolta wakatoa 7000, wakaweka mota ndani ya mwili wa kamera, na ghafla dunia nzima ikataka kamera inayofokasi yenyewe. Canon walikata shauri gumu: mwaka 1987 waliacha mlango wao wote wa lenzi za zamani, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, wakaanza upya na lenzi za EF, kila lenzi na mota yake. Mtu aliyekuwa na lenzi za Canon za kabla ya hapo alibaki nazo mkononi. EOS-1, kamera yao ya wataalamu, ilifuata mwaka 1989, na sehemu yake ya katikati iliona mistari iliyosimama na iliyolala pia. Kwa upande huo walimshinda Nikon, na waandishi wa habari wengi walihamia kwao.

Nikon walikwenda njia nyingine. F4, iliyotoka mwaka 1988 na umbo lake kuchorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, ilibaki na mlango uleule wa lenzi uliokuwepo tangu mwaka 1959. Mota iko ndani ya kamera. Ukitoa lenzi na kutazama kwenye pete ya chuma, utaona kijiti kidogo mfano wa ncha ya bisibisi kimechomoza. Hicho ndicho kinachoingia kwenye lenzi na kuizungusha. Hakina kasi ya mota iliyo ndani ya lenzi, na kina kelele. Lakini lenzi ya zamani isiyo na tundu la kijiti bado inakaa, inapiga, na kamera inakusaidia: unazungusha kwa mkono, na mishale miwili ndani ya kitundu cha kuangalizia inakuambia zungusha kulia au kushoto, mpaka nukta iwake.

Mtu wa mji mkubwa wa Ulaya huenda hilo halikumgusa. Sisi lilitugusa sana. Papa alikuwa na lenzi mbili alizonunua enzi ya Zaire, ya 50mm na ya 105mm, zote za kuzungusha kwa mkono. Hizo ndizo zilizomjengea studio na kusomesha wanawe. F4 ilimfikia kwa mfanyabiashara wa mjini, imeshatumika, baada ya F5 kutoka mwaka 1996 na wenye uwezo kuanza kuuza za zamani. Angenunua kamera ya mlango mpya, zile lenzi zingekuwa vyuma. Kwa F4 ziliendelea na kazi siku ileile, pamoja na kipimo cha mwanga cha matriksi (nitakieleza mbele), jambo ambalo kamera nyingi za baadaye ziliwanyima wenye lenzi za zamani. Mimi naamini uamuzi ule wa Nikon ulikuwa wa heshima kwa watu waliokwisha kulipa.

Kamera za aina hii Papa aliziona kwa mara ya kwanza Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na waandishi wa habari wa dunia nzima kumiminika Goma. Aliziona shingoni mwao, mbili mbili. Kuhusu siku zile hakupenda kuzungumza, na sisi hatukumuuliza. Aliwahi kusema tu kwamba wale watu walipiga haraka kuliko mtu anavyoweza kutazama.

Sehemu ngumu ya kazi yetu ilikuwa harusi za usiku. Ukumbi una taa chache, umeme unakatika, jenereta inawashwa, taa zinarudi na rangi nyingine. Bwana harusi yuko ndani ya suti nyeusi, bibi harusi ndani ya satini nyeupe inayong'aa bila alama. Vitu viwili ambavyo F4 haivipendi vimesimama pamoja katikati ya picha. Hapo fleshi ya SB-24, iliyotoka pamoja na F4 mwaka 1988, ilituokoa kwa namna ambayo bado inanifurahisha. Kamera ikishindwa kushika gizani, fleshi inatupa mwanga mwekundu kwa mtu, na mwanga huo umechorwa mistari iliyosimama. Yaani kamera inamchora mtu ile mistari inayoihitaji, kisha inaisoma. Ukisimama pembeni unaiona kwenye shati la bwana harusi kwa nukta ya muda, imepanga kifuani kwake, kisha inazimika, kisha fleshi inapiga.

Lakini hapa ni Goma. Watu waliopita vita hawapendi kuona taa nyekundu kifuani mwa mtu. Kwa hiyo Papa alikuwa na utaratibu ambao hatukuuvunja: kabla ya picha ya kwanza, anakwenda mezani kwa wazee, anainama, anaeleza. "Mama, mtaona mwanga mwekundu, ni taa ya kamera, inatafuta uso. Msiogope." Alianza na bibi wa upande wa bibi harusi, halafu wa upande wa pili. Tukiingia kwenye familia mpya mimi ndiye niliyetumwa kwa vijana walioko nyuma, kuwaambia jambo hilohilo. Hilo halikuandikwa katika kitabu chochote cha maelezo ya kamera, na sijui mpiga picha wa mji wetu angefanyaje kazi bila hilo.

Nikiwa na haki ya kusema jambo moja tu juu ya upigaji picha Goma, nitasema juu ya mwanga na weusi. Mji wetu ni mweusi. Ardhi ni nyeusi, kuta za mawe ni nyeusi, changarawe ya barabarani ni nyeusi. Na kipima mwanga cha kamera yoyote kinaamini kwamba kilicho mbele yake, ukichanganya vyote, ni kijivu cha wastani, kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Kikikuta lava kinadhani kuna giza, kinaongeza mwanga, na jiwe jeusi linatoka kama majivu. Kikikuta gauni jeupe kinafanya kinyume chake, gauni linatoka la kijivu na uso wa bibi harusi unazama.

F4 ina vipimo vitatu, unavichagua kwa pete iliyo ubavuni mwa kichwa chake: matriksi, katikati, na nukta. Matriksi inaigawa picha sehemu 5 na kuzilinganisha. Ndani yake kuna swichi mbili za zebaki zinazoijulisha umeigeuza kamera wima, ili ijue juu ni wapi. Mimi nikiwaza kwamba mtu alikaa kiwandani akafikiria tone la zebaki litakalotembea ndani ya kamera pale ninapogeuza mkono, nampa heshima mtu huyo. Kwa picha za kawaida, watu uani, mchana wa mawingu, matriksi ilikuwa sahihi mara nyingi kuliko mimi.

Ila kwenye picha ya harusi kando ya ziwa, bibi harusi amekaa juu ya ukuta wa mawe ya volkano, haikutosha. Vitu vitatu viko mbele yako: nguo nyeupe kabisa, jiwe jeusi kabisa, na uso wa mtu wetu, ambao ndio picha. Papa alizungusha pete hadi kwenye nukta, akamwomba bibi harusi au msimamizi wake anyooshe kiganja kuelekea upande mwanga unakotoka. Akakijaza kiganja kwenye duara dogo la katikati, akasoma, akaongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, akavifunga vyote kwa mkono: apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, na shata, pazia linalopima muda wa mwanga. Baada ya hapo hakugusa tena mpaka jua lisogee. Kiganja hakibadiliki sana kati ya mtu na mtu, awe mweusi wa namna gani, ndiyo maana kinafaa kupimia.

Tena, filamu ya ISO 200 (hiyo ni namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga) aliipiga kama ya 100. F4 inasoma namba ya filamu yenyewe kwenye kopo, lakini inakuachia uweke yako. Filamu ya negativu ya rangi inavumilia mwanga ukizidi, ukipungua haivumilii. Uso mweusi ukipungukiwa mwanga kwenye negativu, fundi wa maabara hawezi kuuokoa, unatoka wa kijivu na chembechembe, meno na macho yanabaki yakielea. Nimeshika mikononi picha nyingi za namna hiyo, zilizopigwa na watu wengine, na mama mmoja alizileta studio kwetu akaziweka juu ya meza moja moja, akasema, "Papa, mimi siko hivi." Alikuwa anataka apigwe upya na mabinti zake. Papa alimpiga bure. Aliniambia baadaye kwamba mtu akilipia picha akajiona ameharibiwa sura, deni hilo linakuwa la wapiga picha wote wa mji.

Betri ndizo kitu kingine kilichoifanya kamera ile iwezekane kwetu. Ya Papa ilikuwa F4s, yenye mshiko mkubwa unaoingia betri 6 za kawaida, zile ndogo za redio. Ziko kila duka la Birere, hata saa mbili usiku. Mshiko mdogo unatumia 4. Kwa betri 6 inaweza kupiga picha 5.7 kwa sekunde, maana yake filamu ya picha 36 inakwisha kabla hujamaliza kuvuta pumzi mbili, na kwa bei ya filamu hapa kwetu hilo halikuwa jambo la kufanya. Swichi ilikaa kwenye picha moja moja.

Matangani tuliiweka kwenye mwendo wa kimya, ambao unapunguza kelele ya mota ikivuta filamu, na filamu ikiisha Papa hakuirudisha kwa mota. F4 ina mkono wa kukunja wa kuzungushia, kama kamera za zamani. Alitoka nje, akasimama kando ya ukuta, akazungusha polepole kwa vidole viwili huku anasikiliza. Unasikia pale ncha ya filamu inapoachia, mzigo unapungua mkononi. Watu wanaoomboleza hawakusikia kitu.

Juu ya vitu vinavyokimbia nitasema kidogo, maana kamera hii haikuwa mwalimu wangu mzuri hapo. Kwenye uwanja wa mpira wa Stade de l'Unité, ukimfuata mshambuliaji kwa fokasi ya mfululizo na lenzi ndefu, mota ya ndani inachelewa. Tulifokasi kabla kwenye nguzo ya goli, tukaweka kwenye M, yaani fokasi ya mkono, tukasubiri mpira uje. Vivyo hivyo kwa chukudu zinazoshuka na magunia ya viazi: chagua jiwe barabarani, fokasi hapo, piga gurudumu la mbele linapolifikia.

Papa aliponiachia studio aliniachia na kamera. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, sehemu ya mji iliamriwa kuhama. Mke wangu alifunga nguo za watoto na unga. Aliponiona nafunga sanduku la negativu na F4 juu yake, aliitazama, ni zaidi ya kilo moja bila lenzi, akaniambia, "Baba Espoir, hiyo utaibeba mwenyewe mpaka Sake." Niliibeba. Negativu ndizo nilizokuwa naziwazia zaidi: harusi, ubatizo, nyuso za watu ambao wengine hawapo tena, na kamera ndiyo iliyokuwa inanijulisha zilipigwaje.

Vijana wananiuliza kama inafaa kununua moja leo. Filamu haipatikani Goma kirahisi, lazima mtu akuletee kutoka nje, na kusafisha ya rangi ni kazi nyingine. Nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani. Kama uko tayari kwa hayo, basi itazame hivi. Weka jicho kwenye kitundu uone vioo vya namba: vingi vya F4 vimevuja wino mweusi pembeni, na kama namba bado zinasomeka si tatizo la kukufanya uache. Weka swichi ya fokasi kwenye M, toa lenzi, uone kile kijiti kimeingia ndani. Irudishe kwenye S, ambapo kamera inafokasi yenyewe, kichomoze. Fungua mlango wa nyuma, elekea angani, piga kuanzia sekunde 1 hadi 1/8000, uone mwanga unapita kila mara. Fungua sehemu ya betri, tafuta kutu ya kijani kwenye vyuma. Tikisa kidogo, kisiwepo kinacholia ndani.

Lenzi, chukua iliyo na pete ya apecha. Zile mpya za G zisizo na pete zinakaa, lakini zitakupa P na S tu (S hii si ile ya fokasi), yaani namna mbili ambazo kamera inachagua apecha yenyewe, na lenzi yenye kutuliza mtikisiko haitakutulizia chochote humu. Lenzi za kabla ya mwaka 1977 nazo zinaingia, kuna kijembe kidogo kwenye pete ya kamera unakikunja juu kwanza, usije ukakivunja. Mimi ningeanza na AF 50mm f/1.8, ya kawaida, ya bei ndogo, na ningeiacha humo mwaka mzima.